Kambere Syauswa: Miaka Ishirini na Minne ya Siasa, Mupira na Vioja

Butembo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025. Mimi ninayeandika nina miaka kumi na moja na mwezi mmoja tangu nitoke kijijini kwangu, njia ya Mbau, kaskazini mwa Beni. Kambere Syauswa ana miaka ishirini na minne tangu aketi mbele ya mikrofoni ya Redio Mizani. Keshokutwa, Jumapili tarehe 30, atasoma kipindi chake cha mwisho na kustaafu. Ana umri wa miaka sitini na miwili, na hajawahi kuchelewa kazini isipokuwa siku mbili, zote kwa sababu ya daraja.

Hakuja kwetu kutafuta kazi. Alikuja mwaka 2001 kutoka Kanyabayonga kuuza maharagi. Alipopita mbele ya ofisi yetu alisimama kusoma kwa sauti karatasi iliyobandikwa mlangoni, huku akisahihisha makosa yaliyomo kila alipoyakuta, na mkurugenzi wa wakati ule akamwajiri kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Maharagi yaliliwa na wafanyakazi kwa wiki tatu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma matangazo: vifo, vitambulisho vilivyopotea, kondoo waliookotwa. Katika mwezi wa tatu alisoma tangazo fupi lililosema kwamba Kambere wa Bulengera amefariki na mazishi ni kesho. Kila nyumba ya hapa yenye wavulana wawili ina Kambere, kwa kuwa jina hilo ni la mtoto wa pili. Kufikia saa tisa, Kambere kumi na saba walikuwa wamefika mlangoni kwetu kuthibitisha kwamba wako hai, na wengine wawili walituma wake zao. Siku iliyofuata alifika pia mama yake mzazi, Mama Kavugho, kwa kuwa mnara wetu wa Lubero hupeleka sauti mpaka Kanyabayonga. Alisafiri juu ya lori la viazi, amevaa nguo za msiba, akamkuta mwanawe anakula.

“Mama, ni mimi njo nilisoma ile tangazo,” Kambere akamwambia.

“Njo maana niliamini,” akajibu mama. “Radio haisemake bongo, inasemaka kweli tu.”

Tangu siku ile Kambere aliweka kanuni ambayo bado imebandikwa studioni: jina la mtu halisomwi peke yake. Lisomwe pamoja na jina la baba au la mume, la mtaa, na la jirani anayejulikana. Mama Kavugho alirudi Kanyabayonga kwa lori lile lile, amekasirika kidogo.

Kipindi chake, Siasa, Mupira na Vioja, kilianza mwaka 2004, kila siku saa sita kamili mchana. Kwanza siasa, kisha mpira, mwisho vioja, yaani habari ambazo hazina mahali pengine pa kwenda. Watu wengi wamejaribu kueleza kwa nini kipindi hicho kilipendwa. Maelezo yangu ni mafupi: Kambere ana sauti moja tu. Hana ya furaha na ya huzuni, hana ya wakubwa na ya wadogo. Kwa sauti hiyo alieleza kwamba chama fulani kimefanya mkutano mkuu wa wanachama wote katika sebule ya mwenyekiti, na viti vikabaki. Kwamba Nyota ya Bulengera wametoka sare na timu ambayo haikufika uwanjani. Na kwamba jogoo mmoja wa Beni huwika saa saba ya mchana tu, kwa hiyo shule ya jirani imeacha kutafuta kengele. Aliyechelewa kuwasha redio hakuweza kujua yuko katika sehemu gani ya kipindi. Barua za malalamiko zilikuja. Kambere alizisoma hewani, katika vioja.

Mwaka 2021, utawala wa jimbo ulipokabidhiwa wanajeshi, ofisi moja ya hapa mjini ilituletea barua ya kukataza habari za mapigano. Kambere aliiheshimu barua hiyo neno kwa neno. Aliacha kabisa kutaja mapigano. Alianza tu kuongeza dakika za mpira. Ilitokea siku ambazo wageni walikuwa wamevuka katikati ya uwanja, siku ambazo mabeki wetu walikuwa wamepanda mno, na siku ambazo mpira ulikuwa umefika eneo la hatari, kipa hayupo langoni na refa anatazama upande mwingine. Wasikilizaji walielewa baada ya siku mbili. Ofisi ilielewa baada ya wiki tano, ikamwita.

“Uyu kipa mwenye unasemaka kila siku, ni nani?” aliulizwa.

“Banamubadirishaka sana, shefu,” akajibu Kambere. “Siye wenyewe hatuna na jina yake.”

Walimshikilia mpaka jioni, kisha wakamshauri aendelee na mpira tu. Aliahidi hivyo, na ahadi hiyo aliitimiza.

Tatizo lilikuwa kwamba mpira wenyewe haukuacha kuchezwa. Mwezi wa tisa wa mwaka 2023, Nyota ya Bulengera waliikaribisha timu ya Beni na kufungwa tatu bila. Kambere alisoma matokeo kama yalivyokuwa: wageni wameingia kwa upande wa kushoto, ulinzi umekimbia, lango limebaki wazi, mara tatu. Kabla ya saa saba soko la Bulengera lilikuwa limefungwa na pikipiki zote zinaelekea kaskazini, kila moja na familia yake. Mama mmoja muuza mboga, Hulda, alifika Maboya kwa miguu na godoro kichwani. Kesho yake, alipokuwa anarudi, alipitia kwetu kabla ya kufika nyumbani, godoro likiwa bado juu ya kichwa.

“Papa Kambere, ile mabao tatu ilikuwa ya mupira ao ya masasi?”

“Ya mupira, mama.”

“Donc mi nilikimbia na matela mpaka Maboya juu ya bavijana benye kukimbiza balo?”

“Ni vile, mama. Na balo yenyewe hawakuifikia.”

Hulda aliliweka godoro chini, akalikalia, akacheka mpaka akaomba maji. Tulitangaza sahihisho kwa siku tatu, tukisema kwamba mabao yale yalikuwa mabao. Wasikilizaji walilichukua sahihisho hilo kuwa uthibitisho, na familia nyingine kama thelathini zikaondoka. Mwishowe Kambere alipata dawa: matokeo ya uwanjani yalisomwa kuwa ya mupira wa ngozi. Mpira usiotajwa ngozi, kila mtu alijua ni upi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani litakumbukwa kuliko mengine.

Mwezi wa sita wa mwaka 2024 vita vilikaribia Kanyabayonga. Watu walianza kupanda njia ya Lubero na vyungu na watoto. Mama Kavugho, aliyekuwa na miaka themanini na moja, alibaki nyumbani kwake. Kambere alimpigia simu mara sita katika siku mbili, na kila mara alipata jibu moja: “Telefone inaweza kuiga sauti ya mutu. Kama iko mambo ya kweli, uiseme kwa radio.” Kambere hakuelewa. Alikuwa anaisema kwenye redio kila siku. Wiki nzima alikuwa amesoma kwamba wageni wako kwenye mstari wa eneo la hatari upande wa kusini, na kwamba hakuna beki aliyebaki nyuma.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 25 Mchungaji Ézéchias, jirani wa mama, alitupigia simu. Simu iliwekwa mezani, sauti ikiwa juu, na sote tulisikia.

“Mama anakatala,” alisema mchungaji. “Anasema radio haiyasema.”

“Pasta, nimeisema siku saba.”

“Uliisema wapi?”

“Kwa mupira.”

“Kambere, mama yako hasikiaka mupira. Siasa ikiisha anazima, juu ya kuchunga mabuye ya radio, isiishe moto. Anawasha tena kwa vioja. Bamama bote ba huku banafanyaka vile.”

Miaka mitatu Kambere alikuwa amemwambia kila mtu isipokuwa mama yake.

Aliketi akaandika. Mimi ndiye mkaguzi wa maandishi katika redio hii. Hakuna karatasi inayoingia studioni bila sahihi yangu. Saa tano na nusu aliniletea vioja vya siku hiyo. Cha kwanza kilikuwa cha mbuzi aliyepanda lori la kakao huko Beni bila kuonwa na mtu, akashuka Butembo, na kwenye kizuizi akaulizwa hati ya kusafiria. Cha pili kilisema hivi: Kanyabayonga yuko mama mmoja, Kavugho, mjane wa Syauswa, wa mtaa ulio nyuma ya kanisa, jirani wa Mchungaji Ézéchias, anayengoja mwanawe amwambie atoke. Mama, toka kesho.

Kwa sentensi hiyo mwandishi angeweza kufungwa, na redio pia. Wote wawili tulijua. Nilibadilisha neno moja. Nilifuta “kesho”, nikaandika “leo”. Kijijini kwetu, mwaka 2014, neno tulilopewa lilikuwa “kesho”, na wauaji hawakuingoja. Kisha nikaweka sahihi.

Alisoma siasa. Alisoma mpira, na mmoja wetu akamwonyesha saa ukutani, kwa maana alikuwa anasoma haraka kuliko kawaida. Alisoma mbuzi. Kisha akasoma mama yake, kwa sauti ile ile aliyomsomea mbuzi, akazima mikrofoni.

Saa nane Mchungaji Ézéchias alipiga simu tena, safari hii akiwa barabarani. Mama Kavugho alikuwa amezima redio, amefunga mlango, amekaa nyuma ya pikipiki na redio yake mapajani. Nyuma yake walitoka wazee wengine wa mtaa ule, wengi wao akina mama waliokuwa wakichunga mawe ya redio, yaani betri, kama yeye. Mchungaji aliwahesabu njiani, wakafika arobaini na mmoja. Siku tatu baadaye Kanyabayonga ilichukuliwa.

Ofisi ile ilitufungia kipindi siku kumi na nne. Barua yake ilisema kwamba tumechanganya sehemu za kipindi, na kwa hilo ilikuwa sahihi. Kambere alilala siku nne mahali ambapo hapendi kupasimulia, na alipotoka alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake Bulengera, ambako mama yake alimpokea na lalamiko moja tu.

“Uliniweka nyuma ya mbuzi.”

“Mama, mbuzi njo alitangulia kufika.”

Hilo halikumridhisha, na bado analitaja wageni wakija.

Yapo mengine ya kusifiwa, nami nitayataja kwa ufupi kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi marefu. Amefundisha watangazaji tisa, na hakuna hata mmoja anayesoma jina tupu. Ametengeneza kwa mkono wake mashine ya kurushia matangazo mara ambazo fundi alikataa kuja kwa sababu ya mvua. Amekataa mara mbili kuwa mgombea wa ubunge, akisema tayari ana sehemu ya vioja. Nafasi yake inachukuliwa na Solange, mwenye akili na ujasiri, ambaye ana sauti mbili. Kambere amekuwa akimsaidia kuacha moja.

Limebaki jambo ambalo ameniomba mimi niliseme.

Mama Kavugho, sasa mwenye miaka themanini na miwili, anaendelea kuwasha redio kila siku saa sita, na siku hizi haizimi hata wakati wa mpira. Anangoja tangazo la kurudi. Mwanawe amemweleza mara nyingi mezani kwamba nyumba ina watu wengine na shamba lina mabomu ambayo mtu hawezi kuyalima. Anajibu: “Iyo ni maneno ya nyumba.” Anataka aisikie redioni, ilikosemwa ile ya kutoka. Na Jumapili mwanawe anaondoka kwenye mikrofoni.

Jumatatu Kambere aliniletea maandishi ya kipindi cha mwisho. Mwishoni mwa vioja alikuwa ameandika kwamba yeye na mama yake watarudi Kanyabayonga, na mbele yake ameacha nafasi tupu ya tarehe. Aliniomba nimtafutie tarehe inayoweza kusomwa. Nilikaa na karatasi hiyo siku mbili. Sikuijaza nafasi. Nilifuta mstari wote.

Aliikunja karatasi mara mbili. Kisha akaniambia: “Basi uiseme weye, muzee. Miye nikisoma ile, sauti itageuka.”

Kwa hiyo wasifu huu, ambao umeandikwa kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, nitausoma pia hewani Jumapili, mara tu baada ya kipindi chake, wakati redio ya Mama Kavugho ikiwa bado imewashwa.

Kambere, wafanyakazi wote wa Redio Mizani wanakushukuru kwa miaka hii. Tunakuombea afya, asubuhi za kulala mpaka jua lipande, majirani wasiokuuliza habari, na chakula cha saa sita ambacho hatimaye utakila kikiwa moto.

Mama Kavugho, mjane wa Syauswa, mwana wako anabaki Bulengera, na wewe unabaki pamoja naye. Kanyabayonga hamtarudi. Mimi pia, kwetu njia ya Mbau, sitarudi.