Sauti Iliyosema Nipo

Tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, karani wetu wa mapokezi anarudisha funguo za kabati la mafaili na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki hii ya tiba ya uraibu. Wengi mjini hawamjui kwa sura. Wanamjua kwa sauti, na sisi wenzake tunamwita Bonyeza Moja.

Jina hilo alilipata miaka saba iliyopita, kliniki ilipoanzisha huduma ya simu kwa walionaswa na heroini na vidonge vikali vya maumivu. Mtu anapiga bure, anasikiliza maelekezo, anabonyeza moja apangiwe siku ya kuanza dawa, au mbili aongee na mhudumu. Mtaalamu wa kompyuta alimwomba ajaribu tu kipaza sauti, pale stoo ya dawa penye utulivu. Akasoma maelekezo yote taratibu, kama mtu anayesimulia ndoto aliyoipenda, mpaka akasahau kuwa anaongea na mashine. Mwishoni akatamka maneno yake ya kila siku: usikate simu, nipo.

Mtaalamu akaona rekodi hiyo ndiyo itumike, ila maneno hayo akataka kuyafuta, maana mashine haina mtu ndani. Bibie akagoma. Akasema kama yameshatoka, basi atakaa kweli kando ya simu, na akakaa, hata chai akainywea hapohapo. Nasi hatukumwacha salama: kila tukiomba sukari tulimuuliza ni bonyeza ngapi.

Mimi nipo dirisha la dawa, mkabala naye. Asubuhi, jua likipenya pazia la mapokezi, ile sauti ilikuwa ikielea mjini: kwenye simu ya mtu aliyelala chini ya ngazi, ya mama aliyejifungia chooni, ya dereva aliyeegesha pembeni. Mwenye sauti yuko hapa, anapanga mafaili. Nilikuwa namtazama najiuliza ni yupi hasa aliye wa kweli.

Sasa niseme lililokuwa moyoni mwake. Mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alianguka kutoka kwenye paa, akapewa vidonge vya maumivu, na vidonge vikamteka. Akaondoka nyumbani kwa aibu, asipokee simu ya ndugu yeyote. Mwaka wa tatu tangu aondoke, kwenye orodha ya kompyuta ikajitokeza namba ngeni: kila siku saa nne asubuhi inapiga, inasikiliza mpaka mwisho, haibonyezi kitu, inakata. Mtaalamu akataka kuifungia kwa kuwa inajaza laini. Dada yetu akamsihi aiache. Hakuwa na uhakika kuwa ni mdogo wake. Alikuwa na tumaini tu, nalo lilimchoma. Ikifika saa nne hatukumsemesha.

Miezi kumi na mmoja ikapita hivyo. Kisha Jumanne moja, saa nne, mpigaji akabonyeza mbili. Dada yetu akapokea, akaitambua sauti. Hakumuuliza mdogo wake alikuwa wapi, wala hakumtaja mama yao. Alimuuliza kama amekula, akampangia kesho yake saa mbili, kama mgonjwa mwingine yeyote. Alipofika akampa namba ya faili, akamweka kwenye foleni, ndipo akaja stoo akalia mpaka akachoka. Nami nililia, kwa nini nifiche.

Fundi yule ana mwaka wa tatu sasa akinywa dawa yake mbele ya dirisha langu, na kazini amerudi. Wiki hii karani mpya amerekodi maelekezo kwa sauti yake. Niliingiwa na hofu, nikamuuliza fundi kama ataweza kuikosa ile ya zamani. Akacheka. Alisema siku hizi wanaishi nyumba moja, sauti hiyo anaisikia kutwa ikimtuma sokoni na kulalamikia viatu vyake mlangoni, na hajui hata aizime wapi.

Bonyeza Moja, ahsante kwa kila simu uliyopokea. Nenda kapumzike, uamke jua likishapanda. Tunakutakia siku ndefu zenye utulivu, na huyo mdogo wako aendelee kuchoka kukusikia.