Fundi Aliyepunguza Kabla ya Kuongeza

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya mume, watoto wawili na ukoo mzima, mdogo wake wa mwisho anawasomea kwa ufupi maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Besi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa fundi redio na mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1981, akamaliza sekondari mwaka 1991, kisha akasomea umeme katika chuo cha ufundi. Kuimba hakujua, na hilo alikuambia mwenyewe kabla hujamwuliza.

Tarehe 2 Januari 1996 aliajiriwa kuwa fundi mitambo wa kituo cha redio, alikofanya kazi hadi mwaka 2010, alipoacha na kuanza kurekodi wanamuziki nyumbani, katika chumba cha kulala, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani, na jokofu likizimwa kila mtu alipoanza kuimba, jambo lililoiharibia familia maziwa mengi. Waliokuja mbio mbio wakitaka waongezewe besi mpaka madirisha yatikisike, aliwaketisha, akaanza kwa kupunguza, kwanza mngurumo wa feni na wa barabara, kisha ule uzito unaomfanya mtu asikike kama anaimbia ndani ya ndoo, kisha akalishusha gitaa kidogo pale pale ilipokaa sauti ya mwimbaji, wasigombanie nafasi. Kuongeza kulikuwa baadaye, na mara nyingi hiyo baadaye haikufika.

Tarehe 16 Oktoba 1999 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa lori na mwimbaji wa kwaya, wakajaliwa binti mwaka 2001 na mtoto wa kiume mwaka 2005. Shemeji alikataa kurekodiwa miaka yote, akitania kwamba mkewe angempunguza mpaka abaki kikohozi.

Februari 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani, akaanza dawa mwezi uliofuata, dawa ambazo zilimpa nafuu lakini zikamnyang'anya masikio, kwani sauti nyembamba za juu, matoazi na zile s za mwimbaji, ziliacha kumfikia. Hakumwambia mtu. Aliziongeza mpaka azisikie, nyimbo zikatoka kali kama wembe, na wateja kwa kumhurumia wakasifu, wakalipa, wasirudi. Binti yake ndiye aliyemweleza ukweli, naye hakugomba, alizima kompyuta na kuifunika kwa kanga.

Hapo ndipo shemeji alipokubali kurekodiwa, wimbo mmoja alioutunga ujanani, ili mkewe apate cha kushika, na marehemu akautaka huo mmoja utoke sawasawa, kwa kuwa alijua hatapata mwingine. Alipomwuliza mumewe kama wimbo unachoma masikio, aliambiwa hauchomi, na hakuamini. Akaacha kuuliza, akageuza kiti, akawa anamtazama usoni, na kila s ilipopita shemeji akikunja jicho, alipunguza kidogo, akarudia, akapunguza tena, mpaka uso ule ukatulia. Kazi hiyo iliisha Novemba 2024. Alivua hedifoni, akamwambia, "Sasa ndiyo wewe."

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa mwaka huu, akalazwa tarehe 3 Machi 2025, na Jumanne tarehe 11 Machi, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliovumilia ngoma zetu na sasa wamejaa jikoni kwetu, wafanyakazi wenzake wa redio waliokuja na spika hizi, na wanamuziki wote, hata wale waliosifu.

Shemeji tumemshauri apumzike, amekataa. Hajalia bado, anakula akiambiwa ale, anakaa akivutiwa kiti. Jana tulimwuliza kama wimbo ule upigwe hapa au uachwe, akafikiri, akajibu, "Pigeni. Mimi sisikii kitu tangu Jumanne, lakini watu wasikie."

Utapigwa sasa, kama alivyouacha, na tunamwomba fundi wa spika asiguse kitufe chochote.

Dada yetu, pumzika kwa amani.