Dakika Thelathini na Nane za Miguu: Tunamuaga Bi. Evarista Kikoti

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Evarista Kikoti anastaafu baada ya kuitumikia Studio ya Kipanga kwa miaka thelathini na mmoja na miezi mitatu. Sisi wa tawi la Mbeya tulipoambiwa mmoja wetu aandike wasifu wake, tuligombania kalamu. Nimeshinda mimi, kwa hiyo mnivumilie.

Alianza kazi Aprili 1994 kule Kihesa, Iringa, enzi za kamera ya VHS inayokaa begani. Alirekodi harusi Jumamosi, bega likapona Jumatano, na Jumamosi akarudi tena. Harusi, send-off, kipaimara na mahafali, kuanzia Tosamaganga hadi Tukuyu, kote huko amesimama juu ya viti vya watu akiomba shangazi mmoja ajisogeze kidogo.

Tangu mwaka 2012 amekuwa kwenye meza ya kuhamisha mikanda. Watu huleta mikanda ya nyumbani iliyolala chini ya vitanda miaka na miaka, naye huiingiza kwenye kompyuta kabla haijaoza. Kwa wasioijua kazi hii, niseme kwamba mkanda hauhamishwi haraka kama picha za simu. Unauweka ndani ya kamera ileile ya zamani, unaunganisha waya, unaucheza, na kompyuta inarekodi huku mkanda ukizunguka. Mkanda wa saa moja unachukua saa moja. Wengi wetu tunauacha uzunguke na kwenda kunywa chai. Yeye hapana. Anakaa na kutazama kila dakika, maana mkanda mkuukuu unaweza kukwama wakati wowote, na maana, tuseme ukweli, Bi. Evarista anapenda sana habari za watu. Amelia kwenye harusi za watu asiowajua. Mwaka juzi alimsimamisha mwalimu mkuu mmoja sokoni akampongeza kwa jinsi alivyoimba siku ya kipaimara chake mwaka 1998. Mwalimu yule hakuwahi kumwona maishani mwake.

Lakini huwezi kusema unamjua Bi. Evarista kama hujasikia habari ya miguu.

Septemba 2004 alitumwa Ubaruku, kwenye tambarare za Usangu, kurekodi harusi ya Masunga, mkulima wa mpunga na mfugaji, na mchumba wake Minza. Wakati huo studio ilikuwa na sheria: watu wakianza kula, kamera isirekodi, kwa sababu hakuna anayependa kuonekana akitafuna. Kitufe chekundu ni kimoja tu. Ukikibonyeza kamera inarekodi, ukikibonyeza tena inaacha. Siku hiyo ilikuwa imeshaacha. Yeye akabonyeza akidhani anaisimamisha, akaiweka juu ya kiti nyuma ya meza ya maharusi, jicho la kamera likitazama chini. Ikarekodi viatu kwa dakika thelathini na nane. Ilipofika zamu ya keki akabonyeza ili irekodi, ikaacha. Keki ikakatwa, vigelegele vikapigwa, na mkanda haukuona chochote. Kesho yake maharusi walivaa upya wakakata kipande kilichobaki, upande ulioliwa ukiwa umegeuziwa ukutani.

Tangu hapo, mtu akikosea jambo lolote studio huambiwa amebonyeza kama Evarista. Meneja wa wakati huo aliagiza mkanda ule ufutwe na utumike tena, kama tulivyofanya na mikanda yote baada ya kuhariri. Hapo ndipo Bi. Evarista alipokaidi amri kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Aliandika juu yake neno MIGUU, akauficha kwenye kopo la biskuti lenye mchele mkavu wa Ubaruku ili usipate unyevu. Kila mfanyakazi mpya alionyeshwa kopo hilo ajifunze kuhesabu anapobonyeza. Mhariri aliupitisha mbio bila sauti akaona viatu tu; yeye kuucheza hakuwahi kuucheza. Aibu ilimtosha.

Aprili mwaka huu, zikiwa zimebaki wiki kumi astaafu, aliingia ofisini Esta, binti wa Masunga na Minza, anayesomea uuguzi Tosamaganga. Minza alifariki Esta akiwa na miaka miwili. Binti alileta DVD ya harusi tuliyowapa wazazi wake. Ndani yake bibi harusi ameinamisha uso mwanzo hadi mwisho bila kutabasamu, kama alivyotakiwa kufanya bibi harusi mwenye adabu. Sauti yake haisikiki hata kidogo, kwa sababu zama zile tulikuwa tunafuta sauti zote za watu na kumwaga muziki juu yake. Tulijiona mafundi kweli.

"Mama, hamna popote anapoongea?" Esta alimuuliza Bi. Evarista. "Mimi sauti yake siijui. Nikimwangalia humu naonaga kama hakuwa na raha."

Nilikuwepo siku hiyo, nimekuja Iringa kufuata vipuri. Mikanda mingine ya harusi ile tulishaifuta zamani. Bi. Evarista akanyanyuka, akalifuata kopo.

Jumamosi iliyofuata Masunga naye alifika kutoka Ubaruku, nami nikarudi kwa makusudi. Tulibakiwa na kamera moja tu ya kucheza mkanda wa aina ile, na mlango wake ulikuwa unafungwa kwa raba bendi. Mara ya kwanza picha ilikatika vipande vipande, sauti ikakoroma, mkanda ukakwama. Bi. Evarista hakuuvuta. Aliutoa taratibu kwa kijiti, akasafisha kichwa cha kamera kwa spiriti, akaupeleka mkanda hadi mwisho na kuurudisha mwanzo ili ulegee, kisha akabonyeza tena. Mikono yake ilitulia.

Vikaja viatu: vya wazee, vya wapambe, na kandambili za mpishi. Dakika ya kumi na moja, miguu ya bibi harusi ikachomoka kwenye viatu vyeupe chini ya meza, na sauti ya mwanamke ikasema wazi kabisa, "Masunga, hivi viatu vinaniua. Mama yako akiuliza, mwambie umeoa mtu wa pekupeku." Halafu akacheka. Jamani, alicheka! Kicheko kirefu cha kutoka tumboni, hadi meza ikagongwa na vijiko vikalia.

"Ndo mwenyewe huyo," alisema Masunga.

Esta alikuwa analia. Katikati ya kulia akaanza kucheka, na wote chumbani tukageuka kumtazama, kwa sababu kicheko kilikuwa kilekile.

Mkanda wote uliingia salama kwenye kompyuta. Kamera ile haijawaka tena mpaka leo. Esta alipoondoka na nakala zake, Bi. Evarista alichukua kalamu, akakata neno MIGUU, akaandika MINZA ANACHEKA.

Bi. Evarista, asante kwa kila saa uliyokaa na mkanda wa mtu mwingine kana kwamba ni wako. Tunakuombea afya, bega lisilouma, na miaka mingi ya kutazama watu bila kuwahariri.

Hafla ya kumuaga ni Ijumaa, tarehe 27 Juni, saa saba mchana, Kihesa. Wakati wa chakula kutakuwa na kamera juu ya kiti nyuma ya meza kuu, ikitazama chini, taa nyekundu ikiwaka. Tafadhali mtu asiizime. Na wewe, mama yetu, vua viatu ucheke.

Tusekile Mwaisumo
Tawi la Mbeya