Bembea ya Doña Eulalia, Sauti ya Saa Saba

Tarehe 30 Novemba 2019, saa nane mchana, Doña Eulalia Canché Pech atafunga daftari la upepo na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja na nusu katika Ofisi ya Hali ya Hewa ya Punta Jaiba. Aliajiriwa tarehe 1 Juni, siku msimu wa vimbunga unapofunguliwa, na anaondoka siku unapofungwa. Idara ya Utumishi inasema haijawahi kupata faili nadhifu kiasi hicho.

Alianza kama mpima mvua. Baada ya miaka sita alipewa kipaza sauti, na tangu hapo ndiye aliyesoma utabiri wa saa saba mchana kwenye redio ya bandari. Hakupatana na maneno ya kitaalamu. Alipoletewa karatasi yenye "mvua za hapa na pale" aliirudisha ilikotoka: "Hapa wapi na pale wapi, mwanangu? Mimi nina nguo kwenye kamba." Mwaka 1996 alitabiri mvua siku ya maandamano ya sanamu ya mtakatifu wa bandari. Padri hakumsemesha kwa miezi minne, ingawa mtakatifu alilowa kweli.

Kwenye baraza ya ofisi, upande unaotazama maji, alitundika bembea yake ya kulalia, nyekundu na njano, iliyosukwa na mama yake. Kila alasiri alijilaza humo na chati zake. Wavuvi wa pweza walipopita na mashua walimpigia kelele: "Doña, serikali inakulipa kwa kulala!" Naye aliwajibu bila kuinua kichwa: "Ombeni nisiamke!" Utani huo ulidumu miaka mingi, na Ofisi haikuwa na pingamizi.

Sasa tufike kwenye Kimbunga Ramona cha Septemba mwaka jana. Ofisi imeshauri sehemu hii iandikwe kwa uangalifu, na imeandikwa kwa uangalifu.

Asubuhi ya Ijumaa Doña Eulalia aliona kwamba Ramona kimegeuka, na kwamba kingefika kabla ya mapambazuko huku bahari ikipanda mita tatu. Ng'ambo ya gati, kwenye ulimi wa mchanga wa La Barra, waliishi watu mia nne, na mahali pa juu kuliko pote pale palikuwa kaunta ya duka la barafu. Aliandika: "Kimbunga. Tahadhari nyekundu. La Barra iondoke leo."

Kwa utaratibu wetu, utabiri hausomwi bila saini ya Mkurugenzi, Licenciado Rogaciano Peniche. Kesho yake ilikuwa Tamasha la Pweza. Jukwaa lilikwisha kupakwa rangi na gavana alikwisha kuthibitisha kuja. Mkurugenzi, ambaye umakini wake unafahamika, aliupitia utabiri kwa kalamu yake mwenyewe. "Kimbunga" kikawa "mfumo wa upepo wenye shughuli nyingi". Bahari "ikachangamka". Nyekundu aliiona kali mno kwa wageni wa hoteli, akaandika "chungwa lililoiva", rangi ambayo bado haijaingizwa katika orodha ya tahadhari. Sentensi ya La Barra ilifutwa kwa sababu ya ufinyu wa nafasi.

"Licenciado, kule kuna watoto," alisema Doña Eulalia.

"Eulalia, mama, hofu nayo inaua," alijibu Mkurugenzi. "Soma kilichoandikwa. Ukiongeza neno moja la hali ya hewa, Jumatatu utaripoti bohari."

Alisoma kilichoandikwa, neno kwa neno. Kumbukumbu za ofisi zinathibitisha. Kule La Barra, muuza barafu don Hermilo Uc aliongeza sauti ya redio ili wateja wasikie. "Bahari imechangamka!" alisema. "Basi na sisi tuchangamke, fungueni bia!" Ndipo Doña Eulalia alipotoa salamu zake za kufunga, na kwa sauti ileile akasema: "Sasa mniwie radhi, naenda kuishusha bembea yangu barazani."

Huku kwetu mtu akihama, bembea ndiyo kitu cha mwisho kutoka. Ndoano zikibaki tupu, nyumba haina mwenyewe. Na ile ya barazani haikuwahi kushushwa, hata kwa kimbunga kimoja kati ya vile kumi na kimoja vilivyotangulia. Don Hermilo alichukua darubini, akatazama ng'ambo, akamwona mama wa miaka sitini amesimama juu ya kiti cha ofisi akihangaika na fundo.

"Jamani, ameamka!" alipiga kelele. "Doña ameamka! Pakieni watoto!"

Kufikia saa kumi na moja jioni malori ya barafu yalikwisha kuwatoa wote, pamoja na nguruwe wao. Kulipokucha, La Barra haikuwepo tena, na kaunta ilikwenda nayo. Hakufa mtu. Jukwaa la tamasha lilipatikana kilomita tisa bara, rangi yake ikiwa haijachubuka.

Mkurugenzi alitunukiwa nishani kwa utabiri uliodumisha utulivu. Doña Eulalia alipewa barua ya onyo, kwa kosa la kutoa tahadhari ya hali ya hewa kwa njia ya samani binafsi. Aliitia kwenye fremu, akaitundika jikoni.

Ofisi ilipanga kuzing'oa ndoano zile mbili kabla ya msimu ujao. Watu wa La Barra, ambao sasa wamejenga nyuma ya kanisa, walituma ujumbe mfupi: "Anzeni na paa; ndoano ziwe za mwisho." Mpango umeahirishwa. Tangu Jumatatu ndoano zimebeba bembea nyingine, ya buluu, mali ya karani wa kumbukumbu, ambaye ameieleza Ofisi kwa maandishi kwamba ni kwa ajili ya mgongo. Doña Eulalia amemfundisha fundo moja tu, lile linalofunguka haraka.

Asante, Doña, kwa kila saa saba mchana. Tunakutakia anga safi na nguo zinazokauka. Lala sasa kwa raha zako; zamu ya kuamka tumeipokea.