Orville Tackett na Pigo Ambalo Hakulipiga

Baada ya miaka arobaini na moja katika klabu yetu ya Bricker Falls, Ohio, Bwana Orville Tackett anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Septemba. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha. Mimi nauza tiketi dirisha la kwanza, nimefanya naye kazi muda mrefu, na uchangamfu huo sina pa kuutoa.

Wengi mnamjua kama mtunza uwanja, yule anayemfokea yeyote anayekanyaga nyasi zake. Meya mmoja aliwahi kufukuzwa kwa sababu ya viatu vyake, na akatii. Wachache mnakumbuka kwamba Tackett alikuja hapa kama mchezaji wa besiboli.

Kiangazi cha 1984, yeye na mchezaji mwenzake Lonnie Prewitt, waliokuwa wakipanga chumba kimoja, waliwania rekodi ya ligi ya kuvusha mipira juu ya uzio. Walikuwa chanda na pete. Mmoja akivusha, mwenzake humtania, "Bahati ya mlevi hiyo!" kisha kesho yake anavusha wa kwake. Kufikia mchezo wa mwisho wote wawili walikuwa wameifikia rekodi. Lilibaki pigo moja kuivunja. Klabu kubwa iliyo juu yetu ilikuwa na nafasi moja, na ilikuwa ya atakayeivunja.

Lonnie akapiga. Tackett alikuwa mbele yake, kituo cha kwanza. Mlinzi wa wapinzani akaruka kwenye uzio, glavu juu, na Tackett akaamini mpira umedakwa. Akafanya tunavyofundishwa sote: ukidakwa, rudi kituoni mbio. Lonnie naye alikimbia ameinamisha kichwa, maana kwetu mpigaji hautazami mpira wake ukivuka. Ni kumdhalilisha mrushaji. Wakapishana kati ya kituo cha kwanza na cha pili. Sheria haina huruma: ukimpita mwenzako aliye mbele umetoka, na pigo lako halihesabiwi kuwa la uzio. Mpira wenyewe ulikuwa umeshaangukia nje, kwenye maegesho ya magari.

"Usijali, kaka," Lonnie alimwambia kwenye benchi. "Zamu yako inakuja. Piga wewe basi, mmoja wetu aende."

Zamu ikaja. Mipira mitatu ilipita katikati kabisa, na Tackett hakuinua gongo la kupigia; ikipita mitatu hivyo, mpigaji ametoka. Aliona kupiga ni kumwibia rafiki yake. Lonnie alisimama akipiga kelele, "Piga, we Tackett! Unangoja nini? Piga!" mpaka sauti ikamkauka.

Hakwenda yeyote klabu kubwa. Lonnie aliachwa na klabu majira ya baridi, akaenda Toledo kuezeka mapaa. Tackett akabaki, akashika reki. Udongo ulio kati ya kituo cha kwanza na cha pili huusawazisha mwenyewe kila asubuhi, na hataki msaidizi hapo.

Mwezi Machi mwaka huu Lonnie alifariki. Tackett alikwenda mazikoni kuomba msamaha alioubeba moyoni miaka yote. Mjane, Bi. Darlene, alimjibu bila kupaza sauti: "Ile ya kupishana hakuikasirikia hata siku moja, Orville. Alikuwa akiicheka. Ile ya kusimama kama gogo ndiyo iliyomvunja moyo. Wewe ulidhani unamheshimu, na yeye akaona amepoteza mara mbili."

Tackett alinisimulia haya dirishani kwangu, kisha akalaza paji la uso juu ya kaunta. Faraja sitaitunga leo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Uongozi ulimwomba arushe mpira wa kwanza, kama ilivyo desturi kwa wastaafu. Alikataa, akaomba gongo, arushiwe yeye. Ana miaka sitini na sita na bega bovu. Hatavusha kitu, na anajua.

Mzee Tackett, asante kwa nyasi, kwa ukali wako, na kwa kukaa nasi. Tunakuombea siku nyepesi kuliko zilizopita. Na Jumamosi, mpira ukija, piga.