Akipigiwa Hodi Anaitikia

Benchi liko nje ya duka la kinyozi, na birika la kahawa ni langu. Wananiita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja wao niliyemlea. Ningewalea wasingekuwa na midomo hii. Kila jioni wapo. Kuna Kinyozi mwenyewe, akikosa vichwa vya kunyoa. Kuna Spana, fundi wa magari, ambaye vikombe vyangu vyote vina alama za vidole vyake. Na kuna Mstaafu, zamani karani wa posta, sasa mwenyekiti wa klabu ya chesi inayokutana chumba cha nyuma cha maktaba. Ubao wa chesi unakaa juu ya benchi na kahawa yangu inakaa chini kwenye vumbi, jambo nililolipigia kelele mpaka nikachoka. Jioni ninayoisimulia alikuja pia Cherehani, fundi nguo wa duka la pili, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, macho mekundu. Hata salamu hakutoa.

CHEREHANI: Mzee, nifundishe ufunguzi mrefu. Mrefu kuliko wote unaoujua.

MSTAAFU: Marahaba, mwanangu, na wewe hujambo.

CHEREHANI: Shikamoo. Dada yetu anakuja Jumamosi.

KINYOZI: Yule mkubwa? Mwenye sauti?

CHEREHANI: Huyohuyo. Anakuja na gari, amchukue kaka ampeleke kwenye nyumba ya wasiojiweza. Anasema pale kwangu kuna kitanda tu, mtu hayupo.

SPANA: Na wewe umemjibu nini?

CHEREHANI: Nimemwambia yupo. Akasema sawa, nimwonyeshe. Kaka akionyesha kwamba bado anamjua mtu, hata mmoja, ataondoka na gari lake tupu.

Kaka yake Cherehani tulimjua sote. Ndiye aliyeianzisha klabu, ndiye aliyemfundisha Mstaafu mchezo, na mdogo wake pia. Kiharusi kilimwangusha bafuni. Tangu siku hiyo hasemi, hageuki ukimwita, na chakula hakioni mpaka kijiko kimguse mdomo. Lakini Cherehani akimwekea ubao mapajani, mkono wa kushoto unainuka. Hilo peke yake ndilo lililobaki.

Na niwaambie jinsi wanavyocheza, maana bila hilo hamtaelewa. Majina ya kigeni ya ufunguzi hakuna aliyeyaweza pale klabuni, kwa hiyo huyo kaka aliwatungia yake. Askari wa mbele ya mfalme akiruka vyumba viwili, hiyo inaitwa Hodi. Mweusi akijibu vilevile, Karibu. Farasi mweupe akitoka ni Mgeni Kaingia, na farasi mweusi akitoka kulinda ni Kiti. Maaskofu wakitoka ni Maji ya Kunywa. Wafalme wakifichwa pembeni, Funga Mlango. Baada ya hapo, alikuwa akisema, sasa tuzungumze. Mazungumzo ndiyo mchezo wenyewe.

MSTAAFU: Sasa hivi anafika wapi?

CHEREHANI: Nikipiga Hodi ananiitikia Karibu. Ananipa Kiti. Ananipa Maji. Anafunga mlango vizuri kabisa, hakosei. Halafu anashika kete na haiweki. Anabaki nayo mkononi mpaka nimfungue vidole kimoja kimoja.

MSTAAFU: Basi ufunguzi mrefu hautakusaidia. Katika kucheza, kikubwa ni kushika katikati ya ubao, kutoa farasi na maaskofu mapema, na kumficha mfalme. Wanachama wangu wanakariri hatua kama shairi, mpinzani akikohoa tu wamepotea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KINYOZI: Ufa gani sasa, Mzee? Mtu kichwa kizima kimepasuka.

MSTAAFU: Nasema mfalme.

CHEREHANI: Mzee, sitaki kushinda. Nataka aende mbali. Kama anakumbuka hatua hizi sita, Hodi mpaka Funga Mlango, nikimpa njia aliyoizoea zaidi huenda akakumbuka kumi. Dada aone kumi. Dada hajui chesi, ataona mkono unajibu.

SPANA: Mimi nina wazo. Gari likikataa kuwaka, unalisukuma. Mkasirishe. Kaka yako alichukia nini kuliko vyote?

KINYOZI: Malkia kutoka mapema.

SPANA: Ndiyo. Alinirushia kikombe kwa sababu hiyo.

Kikombe kilikuwa changu, na hakuna aliyekilipa.

SPANA: Basi toa malkia hatua ya pili tu, mweke wazi barabarani. Atapandwa na hasira, na hasira itamwamsha. Samaki mkunje angali mbichi.

KINYOZI: Mbichi? Ana wajukuu.

SPANA: Methali haiangalii umri.

CHEREHANI: Nilishafanya.

SPANA: Ulifanya nini?

CHEREHANI: Juzi. Nilipiga Hodi, akasema Karibu. Nikamtoa malkia badala ya farasi, nikamweka pale hata mtoto angemshambulia.

MSTAAFU: Akajibuje?

CHEREHANI: Akanipa Kiti.

Mstaafu aliweka kikombe chini polepole. Mimi si mchezaji, lakini miaka ya kuwasikiliza hawa imenifunza. Kiti anapewa mgeni aliyeingia, na siku hiyo mgeni hakuwa ameingia. Kaka mtu alikuwa amejibu hatua ambayo haikuchezwa. Nilimwona Mstaafu amelielewa, na nilimwona akiamua kutolisema.

MSTAAFU: Farasi pale si mbaya. Analinda.

CHEREHANI: Nami nilisema hivyo. Nikasema ananikaripia. Ananiambia, acha upuuzi, kaa kwenye kiti.

KINYOZI: Kabisa. Huyo ni yeye mtupu.

SPANA: Ni yeye. Ananikumbusha kile kikombe.

KINYOZI: Tena mimi nasema haumwi kichwa, anafikiri. Wachezaji wakubwa hufikiri muda mrefu. Sisi tunamwita mgonjwa, kumbe anatafuta hatua. Mvumilivu hula mbivu.

MSTAAFU: Mvumilivu ni nani hapo?

KINYOZI: Sote. Niacheni niende nimnyoe Ijumaa. Kumbukumbu inakaa kwenye ngozi ya kichwa. Nimeona wazee wakiguswa wembe nyuma ya sikio wanataja majina ya watu waliokufa.

SPANA: Au tumwekee ile saa ya klabu. Mlio wake utamshtua. Au kioo. Weka kioo mbele yake, aone mtu mwenye kete nyeusi kama yeye, aone aibu.

CHEREHANI: Nilijaribu kumpa nyeupe, aanze yeye.

SPANA: Na?

CHEREHANI: Mkono ulikaa gotini. Nilisubiri mpaka mke wangu akaja kuzima taa.

Nilimjazia kikombe bila kuombwa. Nilikuwa na hasira na sijui nilimkasirikia nani. Labda dada mtu, ingawa ndiye anayelipia dawa na ndiye atakayemgeuza kaka yake kitandani Cherehani akishindwa mgongo. Labda wale watatu, kwa jinsi walivyokuwa wakimpa mtu matumaini kama wanagawa karanga. Na mimi nilikuwa nao, nikitaka Kinyozi awe amesema kweli.

Ndani ya duka alikuwamo mteja mmoja aliyekuwa akisubiri mwenye wembe amalize porojo, na mkewe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, karibu na birika. Hatukuwa tumewahi kumwona. Mama wa makamo, mkoba mapajani, kahawa ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa amesikiliza yote.

MAMA: Samahanini jamani. Mimi mchezo huu siujui.

MSTAAFU: Karibu, mama. Sema.

MAMA: Huyo mgonjwa, anayecheza naye ni huyu ndugu yake tu?

CHEREHANI: Mimi tu. Kila jioni.

MAMA: Na mtu mwingine akikaa pale, akasogeza ileile ya kwanza, yeye hajibu?

Alikuwa anauliza tu. Hakuwa na ubaya, hakuwa na ujanja, na nilimwona akitutazama mmoja mmoja akingoja jibu, halafu akitazama ndani ya kikombe chake. Spana alianza kufuta mikono kwa tambara ambalo ni chafu kuliko mikono. Kinyozi alikumbuka kwamba ana mteja, lakini hakuinuka.

CHEREHANI: Sijajaribu.

SPANA: Hajajaribu, mama. Mgonjwa hajaribiwi na kila mpita njia.

MAMA: Samahani, mwanangu. Nimeuliza tu.

CHEREHANI: Hapana, mama. Ni swali zuri.

Mstaafu alikohoa. Yeye na kaka mtu walikuwa wamecheza pamoja tangu Cherehani hajaota ndevu, na bado kila Alhamisi alikuwa akienda kumsalimia mgonjwa. Ila ubao hakuwahi kuushika huko. Alisema kwamba ubao ni wa ndugu wawili.

MSTAAFU: Kesho ni Alhamisi. Naweza kukaa mimi. Nitasogeza askari mmoja tu, tuone.

SPANA: Asipojibu je?

MSTAAFU: Asiponijibu mimi, maana yake anamjua ndugu yake. Dada ataambiwa hivyo, nami nitakuwa shahidi. Gari litarudi tupu.

KINYOZI: Umeona? Sasa tumepata.

Kinyozi alifurahi kweli, maskini. Cherehani hakufurahi. Aliivua ile futi shingoni akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo ndani ya ngumi.

CHEREHANI: Na akikujibu kama anavyonijibu mimi?

Mstaafu alimwinua askari mmoja ubaoni, akamrudisha palepale. Nilingoja methali.

CHEREHANI: Kila jioni nikirudi, kabla sijavua viatu, naweka ubao. Siku nzima nashona nikijua kuna mtu ataniitikia. Mke wangu ananiambia nala nikiwa nimesimama ili niwahi. Mzee, unanielewa?

MSTAAFU: Nakuelewa.

CHEREHANI: Basi kesho usije.

MSTAAFU: Mwanangu, yule ni rafiki yangu tangu kabla hajaugua...

CHEREHANI: Najua. Usije kesho, na usije Ijumaa. Dada ataona atakachoona.

Akaondoka kuelekea kwake. Yule mama akaniuliza kwa sauti ndogo kama amekosea, nikamwambia hakukosea, anywe kahawa yake isipoe. Mstaafu alikuwa bado ameutazama ubao. Kisha akamwomba Spana amsaidie kukusanya kete, moja moja, mpaka ubao ukabaki mtupu.