Uingereza na Shuka la Mepukori

Basi la kutoka Karatu lilipoanza kupanda kuelekea Ngorongoro, baridi iliingia, na mzee Mepukori, mfugaji wa Kakesio, akamfunika kwa nusu ya shuka lake abiria wa pembeni asiyemjua. Huyo alikuwa Sylvesta, mkulima wa Mbulumbulu, aliyevaa shati la mikono mifupi na msimamo mkali. Hyasinta, aliyekaa nyuma yao, aliona wamependeza kama maharusi, mpaka redio ya dereva ilipotaja Waingereza waliojitoa Umoja wa Ulaya.

“Walifanya vizuri kutoka,” alisema Sylvesta. “Kila mtu alime shamba lake.”

“Kwetu boma ni moja, lakini kila familia ina lango lake kwenye ule ua wa miiba,” mzee akajibu. “Ukihama unaacha pengo. Simba haulizi lilikuwa lango la nani.”

“Basi waliobaki wazibe! Mtu mzima hakai kwa watu eti anaogopa simba!” Sylvesta aliyasema hayo huku akilivuta shuka mpaka kidevuni. Hyasinta akajiuma mdomo asicheke.

“Kwa hiyo mtu akichoka umoja, atoke tu?” mzee akauliza.

“Atoke! Leo hii!”

Mepukori alilikusanya shuka lote taratibu, akajifunika peke yake.

Kwenye geti la hifadhi basi likasimama, mlango ukafunguliwa, ukungu ukaingia bila hodi. Sylvesta alikunja mikono, akatazama dirishani, kisha akamgeukia jirani yake.

“Mzee wangu,” alisema, meno yakigongana, “mimi nilikuwa naongelea Uingereza tu.”